Mtamba anang'aa, pafu bovu: damu ya ng'ombe wawili haitoshi kukupa jibu

"Shikamoo daktari. Nina ng'ombe 34 na wiki tano zilizopita niliongeza mitamba 6, nimenunua kwa mfanyabiashara anayekusanya toka sehemu mbalimbali. Wote wanakula vizuri na wanang'aa, ila mmoja nimemsikia akikohoa mara mbili tatu asubuhi wakati wa kuamka. Nimewaweka zizi lao pembeni ya zizi kubwa lakini maji wanakunywa birika moja na wengine. Juzi nikasikia jamaa mwingine aliyenunua kwa mtu huyo huyo amefiwa na ng'ombe wawili, kaambiwa ni homa ya mapafu. Nikaita mtaalamu akatoa damu kwa mitamba wawili ili kupunguza gharama, majibu yamerudi hawana kitu. Muuzaji anaapa wote wamechanjwa. Jirani ananiambia niwapige wote sindano ya tetra siku tatu halafu niwachanganye yaishe. Je niwachanganye? Na kuna njia gani ya uhakika ya kumjua ng'ombe mwenye huu ugonjwa wakati kwa macho ni mzima? Watoto wanakunywa maziwa ya hizi ng'ombe zangu, kuna hatari?"

Marahaba. Nianze na lile unalolisubiri: usiwachanganye, na hiyo sindano ya tetra, yaani antibiotiki ya tetrasaiklini, iache kwanza kwenye chupa yake. Majibu ya damu uliyopata si ya uongo ila yanasema kitu kidogo sana kuliko unavyodhani, na nitakupigia hesabu yake hapo chini uone mwenyewe. Na umefanya vizuri kuwatenga kabla hata ya kuuliza, wengi huuliza wakiwa wameshachanganya miezi miwili nyuma na ng'ombe wa tatu kashazikwa.

Kwanza tuelewane jina, maana "homa ya mapafu" watu wanaliita karibu kila kikohozi. Ng'ombe akisafirishwa kwenye lori siku mbili bila maji, vumbi na msongamano, anaweza kushuka na nimonia ya safari, anaumwa ghafla ndani ya siku chache, anapona au anakufa, basi. Kuna minyoo ya mapafu, kuna kifua kikuu cha ng'ombe, na kwenye maeneo ya kupe kuna ndigana kali ambayo nayo inajaza maji kwenye mapafu ila inavimbisha matezi. Hii unayoiogopa wewe ni nyingine, wataalamu tunaiita CBPP, homa ya mapafu ya kuambukiza ya ng'ombe, na kidudu chake kinaitwa Mycoplasma mycoides. Hiki kidudu kina tabia moja ambayo ndiyo inafanya kazi yetu iwe ngumu: hakina haraka.

Hebu nikueleze kinachotokea ndani. Ng'ombe mgonjwa anakohoa, vile vitone vidogo vinavutwa na mwenzake aliye karibu, kidudu kinashuka mpaka kwenye vijia vidogo vya hewa na kuanza kuzaliana taratibu. Kutoka hapo mpaka dalili zionekane inaweza kuwa wiki tatu, inaweza kuwa miezi, na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani kwenye kanuni zake linahesabu mpaka miezi 6. Wewe una wiki tano tu. Mwili ukishtuka unapeleka jeshi lake, mishipa midogo ya damu inaziba, na kuta nyembamba zinazotenganisha vipande vya pafu zinajaa majimaji na kuvimba, ndo maana pafu la ugonjwa huu ukilikata linaonekana kama marumaru, vipande vyekundu, vya kijivu na vya njano vimetenganishwa na mistari mipana myeupe. Juu ya pafu panatanda kitu cha njano kama mayai ya kukaanga, na kifuani yanakusanyika maji ya njano ambayo kwa ng'ombe aliyezidiwa yanaweza kufika lita 30. Mara nyingi haya yote yanatokea upande mmoja tu, pafu la kulia au la kushoto, la pili liko salama kabisa.

Sasa hapo ndo pa kuangalia. Si wote wanaokufa. Wapo wanaougua kidogo, homa siku kadhaa, kikohozi kidogo, wanapoteza hamu ya kula siku mbili tatu halafu wanarudi, na wengine hata hicho kidogo huwezi kukiona. Kwa hao mwili unafanya ujanja, lile pande la pafu lililokufa unalijengea ukuta mgumu kulizunguka, unalifungia ndani kama kitu kwenye kifuko. Kifuko kinaweza kuwa kidogo kama tunda la limau au kikubwa kuliko kichwa cha mtoto, na ndani yake vidudu vinaweza kukaa vikiwa hai miezi mingi. Nje ng'ombe ananenepa, anapata mimba, anazaa. Nimeshasimama machinjioni nikaona dume nono kweli, limetembea lenyewe mpaka mahali pa kuchinjia bila kuhema, halafu pafu la kushoto linatolewa lina kifuko cha ukubwa wa ngumi mbili. Mwenye dume alikuwa pale, akaapa hajawahi kulisikia likikohoa, na mimi namwamini.

Kwa nini haonekani? Kwa sababu ng'ombe ana pafu la ziada kuliko anavyolihitaji akiwa amesimama anacheua. Kutembea malishoni taratibu hakumdai chochote. Na ng'ombe ni mnyama anayewindwa na wanyama wakali, asili yake ni kuficha udhaifu mbele ya wengine, kwa hiyo kung'aa kwa ngozi kunakuambia tumbo lake linafanya kazi na hana minyoo mingi, habari za kifua hazimo humo.

Hili si jambo la jana. Afrika Kusini ugonjwa huu uliingia mwaka 1853 na dume la kuletwa kwa meli toka Uholanzi. Australia uliingia 1858 na ng'ombe wa kununuliwa toka Uingereza. Fikiria safari ya meli ya wakati ule, miezi baharini, mnyama anashuka watu wanamuona wa thamani kabisa, anapelekwa kuboresha mbegu. Australia ilitangaza kuwa imeumaliza mwaka 1973, yaani zaidi ya miaka mia moja ya kazi kwa ajili ya ng'ombe mmoja ambaye alionekana hana shida. Mitamba yako sita imepita njia hiyo hiyo, ila kwa lori badala ya meli.

Haya tuje kwenye damu. Kipimo kilichotumika zaidi kwa ugonjwa huu kinaitwa CFT, hakitafuti kidudu, kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili umetengeneza dhidi ya kidudu. Kwenye takwimu zilizokusanywa Italia, ugonjwa ulipowarudia miaka ya 1990, kipimo hiki kiliwakamata kama 64 kati ya kila ng'ombe 100 waliokuwa nao kweli, na kati ya wazima 100 kiliwaita wazima 98. Kinawakamata vizuri wale wenye ugonjwa mkali unaowaka sasa hivi. Kinawakosa walioambukizwa juzi ambao mwili haujatengeneza silaha bado, kinawakosa wengi wa wale wenye vifuko vya zamani ambao mwili umeshatulia, na kinawakosa pia waliopigwa dawa. Ukiangalia hiyo orodha utaona ni walewale hasa unaowatafuta, wanaoonekana wazima.

Sasa hesabu yako. Tuseme kati ya mitamba sita mmoja ndo anao. Umepima wawili, kwa hiyo nafasi ya kuwa umemgusa yeye ni moja kati ya tatu. Hata kama umemgusa, kipimo kinamkamata mara 64 kati ya 100. Zidisha hizo mbili unapata kama asilimia 21. Yaani kwa kupima wawili ulikuwa na nafasi asilimia 79 ya kupata karatasi inayosema "hawana kitu" huku mgonjwa yuko zizini anacheua. Ungepima wote sita nafasi ya kumkosa ingeshuka mpaka asilimia 36, bado ni kubwa, theluthi na ushei. Ukirudia wote sita baada ya wiki tatu au nne inashuka tena, ingawa siwezi kukuahidi inashuka kama hesabu ya darasani inavyotaka, kwa sababu yule mwenye kifuko cha zamani akikosekana mara ya kwanza kuna uwezekano mkubwa atakosekana na ya pili, damu yake ni ile ile.

Ila geuza upande wa pili uone uzuri wa kipimo hicho hicho. Nenda kwenye kundi ambako mtamba ametoka, tuseme lina ng'ombe 40 na 10 wanao. Ukiwapima wote 40, nafasi ya kipimo kuwakosa wote kumi kwa mkupuo ni ndogo kiasi kwamba sihangaiki kuiandika. Kipimo kinachoshindwa kukuambia kuhusu mtamba mmoja kinakuambia vizuri sana kuhusu kundi lake. Ndo maana sisi wa kazi hii tunakiita kipimo cha kundi na tunakuwa wabishi mtu akitaka "nipimie huyu mmoja tu". Swali la kumuuliza muuzaji si kama mtamba amepimwa, ni ametoka kundi gani, kundi hilo limekuwaje miezi 6 iliyopita, kuna vifo, kuna kikohozi, kuna ng'ombe wapya walioingia. Shida yako ni kwamba umenunua kwa mkusanyaji, inawezekana hao sita wametoka makundi manne na njiani wamelala na wengine ishirini. Sikulaumu, ndivyo biashara ilivyo, lakini ujue kwamba hapo ndo taarifa yako ya thamani kuliko zote ilipopotelea, kwa hiyo mkamate huyo mfanyabiashara ukiwa mpole umuulize moja baada ya nyingine alikowatoa.

Upande mwingine wa shilingi: kipimo kikisema mmoja anao, usikimbilie kisu. Katika wazima 100 wawili wanaitwa wagonjwa bure, kwa hiyo kwenye zizi la ng'ombe 50 wasio na chochote tegemea mmoja atatokea chanya ya uongo. Chanya mmoja kwenye kundi ambalo halina kikohozi wala historia tunarudia kupima. Chanya watano kwenye kundi ambalo jirani yake kazika wawili, hiyo ni habari nyingine.

Kuna vipimo vingine utavisikia. ELISA ya ushindani, ambayo nayo inatafuta kingamwili kwenye damu, ni nzuri kwa kuwa mara chache sana inamsingizia mzima, lakini kuwakamata wagonjwa haizidi sana CFT, na inachelewa kidogo kuona maambukizi mapya huku ikiendelea kuona ya zamani kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo tukipata nafasi tunapenda kuzitumia zote mbili pamoja. Kuna cha tone la damu kwenye kioo, kinafanyika palepale zizini kwa dakika chache, kinasaidia kujua kama kundi linawaka sasa, ila kwa mnyama mmoja mmoja kisikutoe roho wala kisikupe amani. Halafu kuna PCR ambayo inatafuta vinasaba vya kidudu chenyewe, watu wakisikia PCR wanadhani ndo mwisho wa maneno. PCR inaona kilichopo kwenye sampuli, sasa ukichukua ute wa puani kwa ng'ombe ambaye kidudu chake kimefungiwa kwenye kifuko ndani ya pafu, puani hakuna kitu, itakujibu hakuna, na itakuwa imesema kweli. PCR inang'ara ukiwa na maji ya kifuani au kipande cha pafu lenyewe.

Ndo tunafika kwenye jibu la swali lako la "njia ya uhakika". Kwa mnyama aliye hai, tena asiye na dalili, njia ya uhakika wa asilimia mia haipo. Pafu likitolewa na kukatwa ndo linasema ukweli. Nchi nyingi zilizoumaliza ugonjwa huu mkaguzi wa nyama ndo alikuwa jicho lao kubwa: anakuta kifuko kwenye pafu, anaandika ng'ombe katoka wapi, watu wanarudi mpaka kwenye kundi na kuwapima wote. Kwa hiyo ng'ombe yeyote anayekufa au kuchinjwa kwako kuanzia leo, hata wa sherehe, hata aliyevunjika mguu, pafu lake lisitupwe kwa mbwa kabla mtaalamu hajalitazama. Na huyo jamaa yako aliyepoteza wawili, je waliwapasua? Kuna mtu aliona mapafu? Kama kuna mwingine anayeumwa kule, sampuli kutoka kwake ina faida kwako kuliko damu yoyote utakayotoa kwa mitamba wako, maana wametoka mkono mmoja. Mimi ningekuwa wewe ningempigia simu leo.

Pamoja na hayo macho na kipimajoto havijafukuzwa kazi, ni kwamba watu wanavitumia saa mbaya. Ng'ombe anatazamwa alfajiri kabla hajaenda popote, kabla jua halijampasha. Chukua joto la wote sita kwa njia ya haja kubwa kila asubuhi kwa wiki mbili, uandike kwenye daftari. Mzima anakaa kati ya 38 na 39 na kidogo, ukiona mmoja amepanda 39.5 bila sababu mtilie shaka, akifika 40 usisubiri kesho. Homa inaweza kutangulia kikohozi. Halafu waamshe wote kwa mpigo, hapo kwenye kuinuka ndo kikohozi cha ugonjwa huu kinapenda kujitokeza, kikavu, kifupi, kama mtu anayekohoa huku ameshika mbavu, ndo maana hicho ulichokisikia asubuhi hakinifurahishi ingawa kinaweza kabisa kuwa vumbi la majani makavu. Watembeze kwa haraka kidogo, si kuwakimbiza mpaka watoe ulimi, kisha simama uwaangalie wanavyotulia. Wenzake wamesharudisha pumzi na yeye bado ubavu unapiga? Anasimama viwiko amevitanua nje, shingo ameinyoosha mbele, mgongo umepinda? Anaguna anapotoa hewa? Mlinganishe na wenzake waliotembea naye, namba za kwenye vitabu za pumzi kwa dakika zinayumba sana na joto la siku. Mfinye kidogo juu ya mgongo nyuma ya bega, mzima anaushusha mgongo, mwenye maumivu ya kifua anakataa kuushusha na anaweza kuguna. Na kama una ndama wadogo chini ya miezi sita waangalie magoti, kwao ugonjwa huu sa nyingine unakuja kama viungo kuvimba na mtu anatibu miguu wakati tatizo ni kidudu hikihiki.

Chanjo sasa. Muuzaji anaweza kuwa mkweli kabisa na bado usiwe salama. Chanjo inayotumika sana inaitwa T1/44, mbegu yake ilipatikana Tanzania mwaka 1951, ni ya kidudu hai kilichodhoofishwa na kinga yake ni ya mwaka mmoja hivi, hairuki mpaka mwaka wa pili, wala haikingi kila ng'ombe. Ng'ombe aliyekuwa ameshaambukizwa akichanjwa hageuki kuwa mzima, anabaki na ugonjwa na cheti. Chanjo yenyewe ni laini kama maziwa mabichi, ikikosa ubaridi njiani inakufa ikiwa ndani ya chupa na unachoma maji tu. Kwa hiyo omba tarehe, siyo kiapo. Na tarehe unaihitaji kwa sababu nyingine pia: aliyechanjwa karibuni anaweza kutokea chanya kwenye CFT kwa muda fulani, na hakuna kipimo cha kawaida kinachotofautisha kingamwili za chanjo na za ugonjwa. Ukiwachanja leo halafu ukaomba wapimwe wiki ijayo utakuwa umejivurugia mwenyewe. Damu kwanza, chanjo baadaye.

Jirani yako na tetra yake, najua anakutakia mema. Kwanza tuondoe penisilini mezani, kidudu hiki hakina ukuta wa seli na penisilini kazi yake ni kubomoa ukuta, haina cha kubomoa. Tetra na tailosini na baadhi ya dawa mpya zinakipiga kweli, ng'ombe mgonjwa anapata nafuu, na utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha baadhi ya dawa zinaweza kupunguza kuambukizana, kwa hiyo ule msimamo wa zamani kwamba dawa ni mwiko kabisa wataalamu wenyewe wanabishana nao. Ila tofautisha kumtibu mgonjwa aliyethibitishwa chini ya usimamizi na kumwagia dawa ng'ombe sita usiojua wana nini ili upate ruhusa ya kuwachanganya. Dawa haifiki vizuri ndani ya kifuko chenye ukuta mnene usio na mishipa ya damu. Inashusha homa, inanyamazisha kikohozi, inapunguza kingamwili kwenye damu, yani inafuta kila alama ambayo mimi na wewe tungeitumia kumjua mwenye ugonjwa, na kifuko kinabaki pale pale. Halafu kama utachanja siku zile zile, tetra inaua chanjo kwa kuwa chanjo ni kidudu hai wa aina ileile. Siku tatu za sindano zinakununulia mitamba sita wasiosomeka.

Sasa fanya hivi. Lile zizi la pembeni si karantini. Birika lenyewe si mchawi mkubwa, kidudu hiki nje ya mwili hakidumu, jua na ukavu vinakimaliza haraka, sumu ya birika ni pua kukutana na pua juu ya maji. Fensi ya mbao kati yao ni vilevile, wanapumuliana. Wasogeze mbali, nikisema mbali namaanisha ukiweza mita 200, maana hali ya hewa ikiruhusu vitone vimewahi kudhaniwa kusafiri umbali wa namna hiyo, wapate maji yao na malisho yao. Muda? Kwa kufuata kanuni ni miezi 6, na najua unanichekea hapo. Kama huwezi kabisa, basi chini ya miezi mitatu sikuungi mkono, na hiyo mitatu iwe na vipimo viwili ndani yake. Wote sita watolewe damu sasa, kisha tena baada ya siku 21 mpaka 30, huo ndo mpangilio unaotumika hata kwa ng'ombe wanaovuka mipaka ya nchi, na katikati hapo asiingie mnyama mwingine na wasichomwe chochote bila kukiandika. Kwa kuwa wameshakunywa pamoja na wakubwa wiki tano, chukua na damu ya kundi lako kubwa, si lazima wote 34 ila wasiwe watatu, daktari wako atakupangia idadi, na aanze na wale wanaopenda kukaa karibu na birika. Wewe mwenyewe usiuze wala kununua ng'ombe mpaka picha iwe wazi. Najua inauma kama ulikuwa unategemea kuuza, lakini ndivyo huyo mfanyabiashara alivyokufikisha hapa, aliuza wakati hajui.

Wakithibitika wanao itakuwaje? Hapo uamuzi si wako peke yako, ni ugonjwa wa kuripotiwa kwa mamlaka za mifugo, na njia zinatofautiana kwa nchi. Botswana ugonjwa ulipoingia kaskazini magharibi mwaka 1995 waliamua kuchinja kundi zima la eneo, karibu ng'ombe 320,000, na wakaumaliza, kwa maumivu ambayo wafugaji wa kule hawajasahau. Australia walienda polepole, chanjo, kuzuia mwendo wa mifugo, kupima na kufuatilia toka machinjioni. Sehemu nyingi Afrika kusini mwa Sahara leo kinachofanyika ni chanjo ya kila mwaka na kufunga mwendo. Kwa zizi kama lako, akipatikana mtamba mmoja chanya kwa vipimo viwili na kundi kubwa liko safi, mimi ningemtoa kwa kuchinjwa chini ya ukaguzi, pafu liangaliwe, halafu waliobaki waendelee kutengwa na kupimwa. Kumfuga "mpaka tuone" ni kulipa kwa ng'ombe 34 kwa ajili ya mmoja.

Kuhusu watoto, hapo pumua. Ugonjwa huu haumpati binadamu, si kwa maziwa, si kwa nyama, si kwa kulala karibu na zizi. Nyama ya aliyechinjwa mkaguzi ataiamulia, mapafu yanatupwa. Lakini maziwa chemsha tu kila siku kwa sababu ya kifua kikuu na brusela ambazo zinampata mtu kweli, na hicho kikohozi cha asubuhi mpaka sasa hatujathibitisha si kifua kikuu, mwambie daktari akija kwa damu afanye na kipimo cha ngozi, kinasomwa baada ya saa 72 kwa hiyo mpangie kurudi. Kama mitamba wamepigwa dawa yoyote tayari bila kuniambia, siku za kusubiri maziwa na nyama zifuatwe kama chupa inavyosema.

Usisubiri damu ya pili endapo utaona joto la 40 kwa yeyote, ng'ombe anayeguna akipumua, wawili wanaokohoa ndani ya wiki moja, au kifo cha ghafla hata cha ndama. Hapo daktari wa mifugo aje siku hiyo hiyo, na kama kuna mzoga usiufukie mpaka afike. Yule anayekohoa mfunge kamba ya rangi shingoni umjue, umpime joto wa kwanza kila asubuhi. Majibu ya awamu ya pili yakitoka niandikie tena, uambatanishe tarehe ya chanjo kama muuzaji ameitoa na namba za joto za huyo wa kamba, nitakuambia kama ningekuwa mimi ningefungua geti au bado.